Mifuo ya Bomba Kwenye Bodi za Sakafu ya Joto: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Mombasa hakuna anayetafuta joto la nyayoni. Kaskazi inapovuma Januari, sakafu ya hapa husifiwa kwa ubaridi wake. Lakini bodi za sakafu ya joto, zile zinazolazwa bomba la maji moto chini ya kigae au laminati, zinashushwa bandarini hapa hapa, na watu wanaojenga bara, Limuru, Nyahururu, Nanyuki, kule ambako alfajiri kigae kinauma nyayo, hupenda zichongwe kabisa kabla ya kupakiwa lori. Ndiyo maana fundi wa Changamwe au Kongowea hujikuta akichonga mifuo, yaani mitaro myembamba ya kulaza bomba la maji moto, kwa nyumba ambayo hatalala hata usiku mmoja.

Simu huja baadaye. "Fundi, bomba limekataa kuingia." "Fundi, bodi zimepinda." Jibu la haraka ni kulaumu biti, ile ncha inayokata, na kununua nyingine. Mara nyingi biti haina kosa. Kosa hukaa kwenye mambo matatu: unyevu ulio ndani ya bodi, kitu kinachoiongoza rauta (mashine ya umeme ya kuchongea mifuo), na kipimo halisi cha bomba, ambacho wengi hukisoma kwenye karatasi badala ya kukipima. Yanayofuata yamepangwa kwa dalili, zile unazoziona mezani na zile unazopigiwa simu.

Kazi iliyo sawa ikoje

Nachukulia bomba la plastiki la PEX la milimita 16, na bodi ya milimita 25, iwe MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya kijani inayostahimili unyevu au plaiwudi nzuri, karatasi ya 2440 kwa 1220. Upana wa mfuo uwe takriban 16.5 na kina 17, ili chini zibaki milimita 8 za kushika bodi. Bodi ya 18 usiikubali kwa kazi hii hata mteja akisema ndiyo aliyonayo: ukichonga 17 umebakiza moja, na karatasi itakatika mikononi mwa wapakiaji. Wako wanaoichana bodi ya 18 kuwa vipande na kuvipigilia juu ya sakafu wakiacha nafasi ya bomba katikati. Ni njia nzuri, lakini hiyo ni kazi ya msumeno.

Nafasi kutoka katikati ya mfuo hadi katikati ya mfuo mwingine huwa 150 au 200. Kwa 200, mita moja ya mraba hula mita 5 za bomba. Kwa 150 hula karibu 6.7. Mzunguko mmoja wa bomba la 16 usizidi mita 100 hivi, la sivyo maji yanafika mwisho yamepoa na pampu inahangaika. Hesabu hiyo ni ya fundi wa bomba, lakini ukiijua utamuuliza mapema mahali anapotaka mizunguko ianzie, kabla hujachonga bodi ya mlangoni.

Bomba halitaki kuingia

Anza na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Pima bomba lenyewe, mahali kadhaa, na kila mahali mara mbili kwa pande zinazokatana, kwa sababu bomba lililokaa kwenye koili huwa bapa kidogo. Bomba linaloitwa 16 linaruhusiwa kufika 16.3 na bado likawa halali. Ukichonga 16 kamili umeshabana, na hilo ni kabla ya ubapa.

Kisha pima biti. Hapa mtaani biti hutoka kila pembe ya dunia, na nyingine zimepimwa kwa inchi. Biti ya 5/8 ni milimita 15.88, si 16. Ukiishika mkononi huoni tofauti, bomba linaiona. Na biti iliyokwisha kunolewa imepungua. Kila inapopelekwa kwenye jiwe, kipenyo kinashuka, na baada ya kunolewa mara kadhaa biti ya 16 inaweza kuwa 15.6. Andika kipimo kipya kwenye shingo yake kwa kalamu isiyofutika.

Ikiwa bomba na biti viko sawa, angalia kuta za mfuo. MDF iliyochongwa siku ya mvua za masika huota manyoya: nyuzi husimama na kuvimba, na mfuo uliopima 16.5 asubuhi unakuwa mdogo kesho yake. Papasa kwa kidole. Ukihisi ukungu wa nyuzi, piga msasa wa namba 120 uliozungushwa kwenye kijiti cha duara, mara mbili tatu tu. Ukiendelea zaidi unapanua juu na kuacha chini vilevile.

Kupanua mfuo kwa nusu milimita bila kununua biti nyingine kuna mbinu rahisi. Weka kipande cha karatasi ngumu, unene wa nusu milimita, kati ya rula ya kuongozea na kitako cha rauta, uchonge mfuo wote. Kisha toa karatasi, urudie njia ile ile. Rauta inasogea kuelekea kwenye rula na kula ukuta wa upande huo tu. Rula iwe kushoto kwako, nawe unasukuma kwenda mbele. Ukifanya kinyume, yaani kula ukuta wa kulia, biti itajivuta yenyewe na kukukimbia mkononi.

Bomba linaingia lakini linaruka nje

Hii ni kinyume chake, na dawa si kubana mfuo. PEX ina kumbukumbu ya koili yake na hutaka kurudi duara, hasa ikiwa baridi. Kama imekaa usiku kucha kwenye lori kule Limuru, ilazwe kwanza juani imenyooshwa. Kwenye mistari mirefu mfuo wa 16.5 unatosha. Kwenye kona za kugeuza ndiko inakoruka, na hapo weka vibanio vya plastiki. Gundi ya silikoni pia hutumiwa kwa nukta nukta, lakini usijaze mfuo mzima. Bomba linahitaji kujongea, kama utakavyoona mwishoni.

Mfuo ulikuwa sawa Mombasa, umebadilika bara

Hii ndiyo simu inayowachanganya mafundi wengi, kwa sababu ulipima, ukaridhika, hata picha ulimtumia mteja.

Hewa ya Mombasa imebeba maji. Unyevu wake mara nyingi uko kati ya asilimia 70 na 85, na mbao iliyotulia hapa huwa na maji ya asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu. Bodi hiyo hiyo ikipandishwa karibu mita 2,000 au zaidi juu ya bahari, ikalazwa ndani ya nyumba iliyofungwa, kisha ikapitishiwa maji ya nyuzi joto 40 tumboni, inashuka hadi asilimia 8 au 9. MDF hubeba maji pungufu kuliko mbao asilia, lakini safari ni ile ile. Ikikauka inasinyaa. Kwa urefu wa karatasi ya 2440 ni milimita chache, na viungo vinaachana. Kwa unene, sehemu ndogo ya milimita inatosha kuharibu kazi: kina chako cha 17 kinapungua, na mgongo wa bomba unachungulia juu ya bodi. Mtu akilaza laminati juu yake, kila hatua inagonga.

Kupinda kuna sababu yake. Bodi nzima inapokea na kutoa unyevu kwa nyuso mbili sawasawa. Ukichonga mifuo upande mmoja, umefungua upande huo: ngozi ngumu ya MDF imekatwa, na hewa inaingia na kutoka haraka zaidi huko kuliko kule. Upande wa mifuo ukikauka kwanza, kingo zinainuka. Fundi wa bara ataamini umemuuzia bodi mbovu.

Dawa inaanzia kwenye karakana yako. Bodi zikifika zisimamishwe ukutani kwa muda mfupi iwezekanavyo. Zilazwe bapa juu ya mbao tatu au nne zilizo sawa, mbali na sakafu ya zege inayonyonya maji ya ardhini. Usichonge siku ya mvua kubwa ikiwa karakana yako ni paa tu bila kuta. Ukimaliza, zirudishe bapa, uso wa mfuo ukitazamana na uso wa mfuo, kisha funga furushi lote kwa nailoni nzito na ubandike viungo kwa tepu. Watu hufunga nailoni wakidhani wanakinga mvua ya njiani. Kazi yake kubwa zaidi ni kuzuia bodi ya juu isikauke peke yake ikiwa juani juu ya lori kutoka Mariakani hadi Voi.

Kule zinakokwenda, furushi lifunguliwe ndani ya nyumba yenyewe, bodi zipangwe na vijiti katikati ili hewa ipite, ziachwe angalau wiki moja, mbili zikiwezekana, kabla ya msumari wa kwanza. Nyumba iwe na madirisha tayari. Bodi iliyozoeshwa ndani ya jengo lisilo na vioo haijazoeshwa kitu.

Kipima unyevu chenye sindano mbili kinasaidia, lakini kimetengenezwa kwa mbao asilia, na kwenye MDF namba yake si ya kuapia. Kitumie kulinganisha bodi na bodi: zote zikisoma karibu sawa, na zikibaki hivyo kwa siku kadhaa mfululizo, zimetulia. Moja ikisoma juu sana kuliko wenzake, iweke kando hata kama inaonekana kavu.

Na unapopanga kina, usichonge 17 juu ya bodi iliyovimba ukategemea namba. Pima unene kwanza. Bodi ya 25 ikisoma 25.6 mikononi mwako, ongeza kina kidogo, fika 17.5, kwa sababu hizo milimita za ziada ni maji tu na yataondoka.

Mfuo unakwenda kombo

Ukisimama nyuma ya rauta na kuisukuma mbele, biti inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Meno ya mbele yanakata kwenda kulia, na mbao inajibu kwa kuisukuma mashine kushoto. Kwa hiyo rula ya kuongozea ikae kushoto, mashine ijigandamize yenyewe. Rula ikiwa kulia utapigana na mashine mita mbili na nusu nzima, na pale mkono unapochoka ndipo kombo linapoanzia. Usichonge pia kwa kurudi nyuma ili kuokoa muda. Kwenye safari ya kurudi kila kitu kinageuka.

Kama rula iko upande sahihi na bado mstari una tumbo katikati, rula inapinda. Bapa la aluminiamu lenye upana wa sentimita tano, likishikwa kwa klempu mbili mwishoni, linasukumika katikati kwa milimita moja bila wewe kujua. Tumia kipande cha plaiwudi ya 18 chenye upana wa sentimita 20, ukingo wake wa kiwandani ukiwa ndio njia.

Kuna chanzo cha tatu ambacho wengi hawakifikirii. Kitako cha rauta cha duara mara nyingi hakiko katikati kamili ya biti. Ukianza safari na mpini umeelekea hivi na kumaliza umeelekea vile, umbali kutoka rula hadi biti umebadilika, na mfuo umehama bila mashine kuachana na rula. Weka alama ya rangi kwenye kitako, na alama hiyo iguse rula mwanzo hadi mwisho.

Mifuo haikutani bodi hadi bodi

Karibu kila mara chanzo ni namna ya kupima. Fundi anachonga wa kwanza, anapima 200 kutoka huo kwenda wa pili, 200 kutoka wa pili kwenda wa tatu. Kila hatua ina kosa la nusu milimita, na kwenye mfuo wa sita kosa ni la milimita mbili na nusu. Pima zote kutoka ukingo mmoja, tepu ikiwa haijasogezwa: 110, 310, 510, 710, 910, 1110. Namba hizo zinakaa sawasawa kwenye upana wa 1220, na bodi ya jirani ikianza vilevile, mfuo wa mwisho wa hii na wa kwanza wa ile utakuwa mbali kwa 220. Hapo mwambie fundi wa bomba mapema, au kata bodi zote ziwe na upana wa 1200 na uanze na 100. Mimi nashauri kukata: kingo za kiwandani hugongwa njiani, na karatasi si zote zilizo na pembe mraba.

Andika namba na mshale kwenye mgongo wa kila bodi. Lori likifika usiku, hakuna atakayekumbuka mpangilio wako.

Kuungua, moshi, harufu ya gundi

Tazama kinachotoka kabla ya kutazama biti. Biti kali inayosukumwa kwa mwendo mzuri hutoa maranda madogo yanayohisika kati ya vidole, hata kwenye MDF. Ikitoa unga laini kama poda, inasaga badala ya kukata. Chanzo ni mojawapo kati ya haya: inazunguka kasi mno, unasukuma polepole mno, au imekufa makali. Kwa biti ya 16, kasi ya mizunguko 16,000 hadi 20,000 kwa dakika inatosha. Wengi huiacha kwenye namba ya juu kabisa kwa sababu hapo mlio unasikika mzuri. Shusha, kisha sukuma bila kusitasita.

Alama nyeusi zikiwa kwenye mizunguko tu, na mistari ikiwa misafi, biti yako ni nzima. Wewe ndiye unayepunguza mwendo ukifika kwenye kona.

Biti za haispidi (chuma cha kukatia cha HSS) hazidumu kwenye MDF. Gundi iliyo ndani ya bodi inayala makali baada ya karatasi chache. Tumia zenye meno ya kabaidi, ambayo ni magumu zaidi. Na kabla ya kuitupa biti inayounguza, itoe, isugue kwa brashi ya meno na mafuta ya taa kuondoa utomvu uliogandia nyuma ya meno, ikaushe vizuri kabisa, uijaribu tena. Nyingi zinazotupwa zilikuwa chafu tu.

Punguza pia mzigo. Kina cha 17 kisichukuliwe kwa mkupuo mmoja: sita, kisha kumi na mbili, kisha mwisho. Maranda yakijaa ndani ya mfuo yanazunguka na biti na kuchemka, kwa hiyo yafyonzwe au yapulizwe kila baada ya tabaka.

Na maadamu tuko kwenye vumbi: la MDF ni laini kiasi cha kubaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa usoni hakitoshi. Barakoa ya vumbi inayobana pua, na kijana anayefagia avae pia. Hewa ya bahari inayopita karakanani haikingi mapafu ya mtu aliyeinama juu ya biti.

Kina kinabadilika njiani

Ukianza na 17 na kumaliza na 19, simamisha kazi mara moja. Biti inatoka kwenye koleti, kile kishikio cha rauta kinachobana shingo yake.

Rauta kubwa nyingi zinazoingia hapa zina koleti ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Biti nyingi zinazouzwa zina shingo ya milimita 12. Inaingia, nati inakaza, kila kitu kinaonekana shwari, lakini koleti imeshika kwa sehemu ndogo ya uso wake. Biti ya msokoto inayovuta maranda juu inajivuta yenyewe chini kwenye mbao kadiri inavyokata. Hiyo ndiyo milimita mbili zako, na hatua inayofuata ni biti kuruka. Hali ni hiyo hiyo kwa shingo ya 6 kwenye koleti ya robo inchi, ambayo ni 6.35. Hakuna kufunga karatasi ya bati wala tepu. Nunua koleti ya kipimo hicho, au biti nyingine.

Kama vipimo vinalingana na bado inateleza, huenda umeisukuma biti hadi mwisho wa shimo. Ivute nyuma milimita mbili au tatu kabla ya kukaza, kwa sababu koleti inapokazwa hushuka kidogo na ikikuta biti imegota haishiki sawasawa. Safisha pia ndani ya koleti. Utomvu na kutu ya hewa ya chumvi hujificha humo. Ikiwa imeshaanza kuwa na mikwaruzo, mwisho wake umefika.

Kina kikiwa kinapungua badala ya kuongezeka, angalia chini ya kitako: maranda yameinua mashine. Na kikipungua au kuongezeka mwishoni mwa bodi tu, mashine inayumba inapobaki nusu hewani. Weka kipande cha bodi ya unene ule ule mbele ya ukingo ili kitako kipate pa kukanyaga.

Mashine inalegea katikati ya kazi

Rauta ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 8. Ukiilisha kwa ekstensheni nyembamba ya mita 30 iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake, volti zinashuka, mizunguko inashuka, na waya wenyewe unachemka. Nyoosha waya wote, tumia wenye nyuzi za milimita mraba 2.5, na usichomeke kompresa kwenye kichwa hicho hicho. Mashine ya volti 110 inayopitia transfoma ndogo italegea vilevile. Transfoma lazima iwe na uwezo zaidi ya mashine.

Bomba linakunjika kwenye mzunguko

Watengenezaji wengi wa PEX wanataka nusu kipenyo cha kona isipungue mara tano ya kipenyo cha nje cha bomba, wengine zaidi. Karatasi ya maelezo ya bomba lako ndiyo mwamuzi. Kwa 16, mara tano ni 80. Sasa hesabu: mifuo miwili iliyoachana 200 ikiunganishwa kwa nusu duara, nusu kipenyo ni 100, na hapo uko salama. Iliyoachana 150 inakupa 75. Umeshapita mpaka, na bomba litakunjika au litabaki limebanwa hadi lipasuke siku ya baadaye, chini ya kigae, mahali pasipofikika.

Kwa nafasi ya 150 mzunguko wa mwisho unapaswa kuchongwa kwa umbo la kibuyu: mifuo miwili inapanuka kidogo kabla ya kona hadi iachane 200, ndipo inazunguka. Chonga templeti (kigezo cha kuongozea rauta) moja ya umbo hilo kwa MDF ya 12 na uitunze. Ndiyo mali ya kazi hii.

Templeti inatumika na bushi ya kuongozea, pete inayofungwa chini ya rauta kuzunguka biti, na hapa hesabu huwatatiza wengi bure. Bushi yenye kipenyo cha nje cha 30 ikiwa imezunguka biti ya 16, ukuta wa mfuo utakuwa milimita 7 kutoka kwenye templeti, kwa sababu 30 toa 16 ni 14, na nusu yake ni 7. Ukitaka katikati ya mfuo ipite kwenye duara la nusu kipenyo cha 100, kata kisiwa cha duara chenye nusu kipenyo cha 85, yaani 100 toa nusu ya bushi. Zunguka kisiwa kinyume na saa, kikiwa kushoto kwako daima, ili bushi ijigandamize kwake. Ukizunguka upande wa pili itakikimbia kisiwa na kona yako itakuwa na matuta.

Kingo zimechanika

Hii ni ya plaiwudi zaidi. Biti butu, au veniya (tabaka jembamba la mbao) ya juu dhaifu. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari kabla ya kuchonga, au tumia biti ya msokoto unaosukuma chini kwa tabaka la kwanza. Ukikuta shimo ndani ya plaiwudi ambapo veniya ya kati haikukutana, jaza na gundi ya epoksi na unga wa mbao kabla bomba halijalazwa.

Sakafu inapiga kelele, au joto haliji

Kufikia hapa bodi zimeshatoka mikononi mwako, lakini simu bado itakuja kwako. "Kaka, sakafu yako inalia usiku." Mlio mdogo mdogo unaosikika maji yanapoanza kupasha na unaonyamaza baadaye ni bomba linaloongezeka urefu. PEX hurefuka kwa karibu milimita 0.18 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja: mstari wa mita 10 ukipanda kutoka nyuzi 20 hadi 40 unataka kurefuka milimita 36 hivi. Kama mfuo umebana, au una matuta ya tabaka mbili zisizolingana, bomba halisogei polepole; linashika, kisha linaruka. Piga msasa mizunguko, hakikisha mwisho wa kila kona una nafasi ya milimita chache upande wa nje, na uulize ikiwa kuna aliyejaza silikoni mfuo mzima.

Joto lisipokuja, usikubali haraka lawama ya kina. MDF ni kizuizi cha joto. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko yenyewe. Bila mabati ya aluminiamu yaliyokunjwa kufuata mfuo, joto linabaki kwenye mstari wa bomba na katikati kunabaki baridi. Ila mabati hayo yana unene. Bati la nusu milimita linaongeza milimita moja kwenye upana, kwa hiyo mfuo wa 16.5 unakuwa 17.5, na umbo la chini lifuate bati, mara nyingi la mviringo, linalotaka biti ya pua ya duara. Mwambie mteja alete bati moja kabla hujawasha mashine. Akisema atayanunua baadaye, subiri.

Wapo pia wanaopandisha joto la maji ili kufidia. Mfumo huu umepangiwa maji ya nyuzi 35 hadi 45, na uso wa sakafu anapokaa mtu haupaswi kupita nyuzi 29 kwa kanuni za Ulaya. Maji ya nyuzi 60 yatakausha bodi kupita kiasi na kufungua viungo vyote ulivyovifunga vizuri. Wapandishe nyuzi chache kwa siku wanapowasha mara ya kwanza, na kabla hakijalazwa kigae wala laminati, bomba lijazwe maji, lipandishwe hadi shinikizo la bar 4 au 6, na liachwe hivyo huku mtu akipita mfuo kwa mfuo na tochi, akitazama kona kwanza.